Kamati ya Safari ya Boti

Kosa langu lilikuwa kuazima sanduku. Nilikuwa nikisuuza vikombe baada ya ibada, pale kwenye ukumbi wa kanisa Granville, huku ughaibuni, na kando yangu alisimama muuguzi mwenzangu, Mkenya kama mimi, mwanamke hodari wa kupanga mambo hata yasiyomhusu. Nikamwomba kwa sauti ya chini aniazime sanduku lake kubwa la magurudumu. Akauliza la nini. Mdomo uliponza kichwa: nikamwambia mimi na mume wangu tunataka kwenda Malta, tukodi boti yetu wenyewe pamoja na nahodha wake, tuzunguke kisiwa wiki nzima.

Kabla vikombe havijakauka, kamati ilikuwa imeshaundwa.

Asiyetujua atashangaa. Sisi tukihama tunaacha mashamba, tunaacha wazazi, lakini kamati tunaibeba. Harusi ina kamati, msiba una kamati, mtoto akifaulu mtihani ana kamati ya kumpongeza. Kwetu watu wawili wakisafiri peke yao, basi mmoja ni mgonjwa na mwingine anamsindikiza. Yule mwenzangu akajiteua mwenyekiti. Mzee mmoja wa Burundi, mpole, aliyeishi miaka mingi kambini Tanzania, akapewa uhazina ingawa hakukuwa na hazina. Kundi la WhatsApp likafunguliwa, nami nikaongezwa humo kama mwanachama wa kawaida.

"Malta?" mwenyekiti alisema katika kikao cha kwanza, baada ya maombi. "Si ndiko meli ya mtume ilivunjika? Surely, mnaenda huko kwa hiari yenu?"

"Ilivunjika lakini walipona wote," akajibu mhazina. "Mi naona iko sawa. Bora ile bateau ikuwe kubwa, na tuende wengi."

Tuende! Nililisikia neno hilo likipita, nikamgeukia mume wangu aliyekaa kando yangu, nikitegemea alipinge. Mume wangu akatabasamu, akasema, "Karibuni sana."

Niseme wazi kwa nini niliumia. Mimi hufanya kazi usiku, katika nyumba ya kutunzia wazee kule Macquarie Fields. Yeye ni wa mchana, kwenye ghala Wetherill Park, na gari letu ni moja. Kwa miaka mingi ndoa yetu imekuwa kupokezana ufunguo mlangoni: mimi naingia nikinuka dawa, yeye anatoka na mfuko wa chakula. "Gesi imeisha." "Mtoto ana dentist." "Haya." "Haya." Jumapili tunakuwa pamoja, ila ni pamoja na kanisa zima.

Wazo la boti nililipata kwa bibi mmoja wa Kizungu ninayemwogesha. Zamani yeye na marehemu mumewe walikodi boti huko Malta. "You can't nip out for anything," aliniambia. "You're stuck with each other. Heaven." Nilirudi nyumbani nikiyatafuna maneno hayo ya kukwama wawili kama peponi. Nilitaka mume wangu akwame nami mahali ambapo bosi hawezi kumpigia simu aje overtime. Hicho tu ndicho nilichotaka. Bahari yenyewe sikuwa na haja nayo, maana hata kuogelea sijui.

Na yeye, kila aliyemuuliza alimkaribisha. Dada wa kwaya, karibu. Mashemeji wa mhazina, karibuni. Nilikuwa nikiwaka kama jiko la mkaa, na yeye anapita kando yangu akipiga mluzi.

Vikao vikaendelea, na abiria wakazidi vitanda. Nilipoeleza kwamba boti ina vyumba vitatu tu, mwenyekiti akasema watoto watatandikiwa juu. Nikamwambia huko juu ndiko nahodha anakoendeshea.

"Kwani yeye halali?"

Mhazina akauliza sufuria ya ugali itawekwa wapi. Nikawaambia boti inakuja na mpishi wake. Wakatazamana kama watu wa msibani.

"Mpishi?" mwenyekiti akasema. "Na sisi wamama tutakuwa tunado nini? Tukae tu hivi, tuangalie mtu akitupikia? Zii. Hiyo ni aibu."

Kamati ikaazimia kwamba mpishi apewe likizo. Binti yetu, ambaye husikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, alinionea huruma nilipomsimulia. "Mum, just say no. It's literally one word." Watoto waliozaliwa hapa wanadhani hilo neno ni jepesi.

Jumamosi moja jioni, kwao ikiwa asubuhi, wakala wa boti akatupigia kwa video kutoka Malta. Tulikaa mezani sisi wawili bila kamati, kwa sababu mwenyekiti alikuwa zamu. Mungu ni mwema. Wakala alikuwa mwanamke mchangamfu, na alituambia kwa Kiingereza kwamba kabla ya yote mpishi hupenda kujua wageni wanakula nini.

"Tuanze na bwana. Mkeo anapenda nini asubuhi?"

"Chai ya maziwa," mume wangu akajibu upesi, kama mwanafunzi wa dawati la mbele. "Sukari vijiko vitatu."

Sukari niliiacha binti yetu akiwa bado chekechea. Wakala akanigeukia mimi: na bwana je?

"Chapati," nikasema kwa fahari. "Mpe chapati utamwona akicheka. Namfungia kila siku ya kazi."

Mume wangu akakohoa. "Actually," akamwambia yule mwanamke, wala si mimi, "chapati zinanipa kiungulia. Huwa nawapa vijana wa Kongo kazini."

"Tangu lini?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

"Kitambo."

Kitambo! Kabla ya kwenda zamu, macho yananiuma, nasimama kusukuma unga, kumbe nalisha ghala la Wetherill Park! Wakala alitabasamu kama mtu aliyeona wanandoa wengi, akasema tumpigie tukiwa tayari.

Nikafunga kompyuta, nikamvaa. "Ndiyo maana unaalika dunia nzima? Hutaki kukaa na mimi?"

Alikwaruza meza kwa ukucha. Huyu mtu amezoea kunishinda kwa kunyamaza, na nilitegemea anyamaze.

"Mama watoto, naogopa," akasema. "Wiki nzima, mimi na wewe. Tukimaliza habari za gesi na dentist, je? Watu wakijaa hutaona."

"Sitaona nini?"

"Kwamba sina la kukuambia."

Hasira ilinitoka yote nikabaki mtupu. Iliniuma, na papo hapo nilimpenda kuliko nilivyompenda kwa muda mrefu, na pia nilitamani kumpiga na mti wa kusukumia chapati. Nikamwambia tukienda tunakwenda wawili, la sivyo tubaki nyumbani. Na kamati ataiambia yeye, kwa kuwa ndiye aliyeikaribisha. Wiki nzima tulipokezana ufunguo, na sikujua amechagua lipi.

Jumapili kamati ikakaa. Ajenda ilikuwa rangi ya vitenge vya sare. Mwenyekiti alikuwa akieleza kwa nini bluu haifai, maana mtu akianguka majini hataonekana, pale mume wangu aliponyoosha mkono.

"Mwenyekiti, tunawashukuru sana," akasema. "Lakini tutaenda wawili. Mimi na mke wangu."

Mhazina akavua kofia. Mwenyekiti akamtazama jinsi anavyomtazama mgonjwa aliyekataa dawa.

"Wawili tu? Ndani ya boti, wiki nzima? Hebu niambie, mtakuwa mnaongea nini?"

Nilishika kiti. Mume wangu hakumtazama mwenyekiti, alinitazama mimi.

"Sijui," akasema. "Kuna mambo mengi juu yake siyajui. Nataka kumuuliza."

Mwenyekiti akamwomba mhazina afunge kikao kwa maombi. Niliinamisha kichwa pamoja na wengine, lakini sikusikia hata neno moja. Nilikuwa napanga majibu.