Mtungi wa Nyuzi Ishirini na Tano

Nilirudi chuo nikiwa na mvi za kutosha kichwani, kiasi kwamba vijana wa mwaka wa kwanza walinipa shikamoo kwenye korido wakidhani mimi ni mhadhiri. Nilikuwa nikiitikia marahaba na kuendelea na safari yangu, kwa nini niwaharibie adabu yao? Shuleni ninakofundisha kemia walinipa likizo ya masomo, nayo ilikuwa inakwisha Januari. Mwajiri wangu hatoi likizo ya namna hiyo mara mbili. Novemba ilipoingia, bado nilikuwa nimekwama kwenye jambo ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wangenicheka: kupima unga mweupe unayeyuka kiasi gani kwenye spiriti.

Nilichokuwa nakitaka hasa ni kingine. Nilikuwa nimetoa kitu fulani kwenye magome ya mti ambao huku kwetu watu huutafuna jino likiuma, na nilitaka kujua kinayeyuka vipi. Lakini msimamizi wangu, mwanamama mpole asiyepindika, alinikatalia kabisa. "Mwalimu," aliniambia, "kwanza nipatie jibu ambalo dunia nzima inalijua. Ukilipata, nitakuamini kwenye lile lisilojulikana."

Basi akanipa asidi ya benzoiki, unga wa kawaida unaotiwa kwenye vinywaji vya chupa visiharibike. Kazi yenyewe haina makuu. Unautia kwenye chupa ya spiriti kwa wingi kuliko spiriti inavyoweza kuubeba, unafunga kizibo, unatikisa, unaacha, unatikisa tena. Mwisho spiriti inashiba, na unga uliozidi unalala chini. Hapo unanyonya kidogo ile spiriti angavu ya juu, unaiweka kwenye kibakuli ulichokwisha kukipima uzito, unaiacha ikauke, kisha unapima unga uliobaki. Sharti ni moja: muda wote chupa iwe kwenye nyuzi joto ishirini na tano, kwa sababu joto likipanda, spiriti inakuwa na tamaa na kubeba zaidi.

Sasa niambie, Dodoma mwezi wa Novemba, nyuzi ishirini na tano utazitoa wapi? Mashine ya kupoza maji ilikuwa imekufa na fundi alikuwa akisubiri kipuri. Kiyoyozi kilikuwa kikinguruma bila kutoa cha maana. Kilichobaki kizima kilikuwa kipasha maji kidogo chenye kidhibiti joto, nacho kinajua kupasha tu. Nilijaribu barafu. Maji yalishuka kama jiwe, barafu ikaisha, yakapanda tena. Vipimo vyangu vya asubuhi vilikuwa na lake, vya mchana vikawa na lake, na vyote vilikuwa juu ya jibu linalojulikana. Nilikuwa na hasira hadi nikawa nazibamiza droo za watu.

Jumapili moja nilikwenda kwa mama, mtaa wa Kikuyu, hapa hapa Dodoma. Kabla sijavua viatu alinipa maji ya mtungini, kama anavyompa kila anayeingia. Mama ana friji, nililinunua mimi, anahifadhia nyama na nyanya. Maji ya friji hanywi. Anasema yanamkwaruza koo. Maji yake ni ya mtungi ule mweusi wenye mdomo mpana, ambao bibi, mama yake, alirudi nao kutoka Mlali enzi alipokuwa akizunguka kuuza vitenge. Umekaa kwenye kona yake juu ya mchanga tangu nipate akili. Kila Ijumaa mama huuosha, huufukiza ubani, ndipo huujaza. Mwenye mkono wa mafuta hagusi. Nilikula makofi mengi utotoni kwa kuushika baada ya kula maandazi.

Nilikunywa, nikaupapasa ule udongo unaotoka jasho, kisha nikatoa kipimajoto kwenye mkoba. Ndiyo, natembea nacho. Kilisoma nyuzi ishirini na tatu, na nje jua lilikuwa linapasua mabati. Upepo wetu huu mkavu, unaotupasua midomo, ndio uliokuwa ukiyapoza yale maji. Nikajua kwamba mtungi ukinishushia hadi hapo, kipasha kidogo kitanipandishia hizo mbili na kuzishikilia.

"Mama, niazime mtungi."

"Unataka kuupeleka wapi?"

"Maabara. Wiki chache tu."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuazima jino. Lakini aliuosha mwenyewe, akaufunga kwa khanga, na alipoupakia kwenye bajaji alimwambia dereva aendeshe kama amebeba mzazi.

Mlangoni mwa maabara mtunza maabara alinisimamisha. Ni mtu wa Chemba, mkimya, anayependa taratibu kuliko chakula. Aliutazama mtungi, akanitazama mimi.

"Mwalimu, unaijua sheria. Chombo kikishaingia humu hakirudi kunyweshea watu."

Niliijua. Naifundisha. Lakini furaha ilikuwa imenifuta akili, na tangu Kikuyu hadi pale haikuwa imenijia hata mara moja. Nilisimama na mtungi wa bibi mikononi, nikaona ninavyoweza kumnyang'anya mama kitu pekee alichonacho cha mama yake, kwa ajili ya unga. Nikaona pia Januari, na mimi narudi darasani mikono mitupu. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umevunjika?"

"Hapana, mzima. Ila mama, ukiingia humu hautarudi nyumbani. Hautanyweka tena. Nikurudishie?"

Kwenye simu nilisikia jogoo wa jirani, nikasikia mtu akifua.

"Bila huo mtungi utamaliza masomo?"

"Sidhani."

"Basi uingize. Na usiupake mafuta."

Akakata simu. Nililia pale mlangoni, na mtunza maabara wa watu akajifanya anakagua kitasa.

Siku ya kwanza haikwenda vizuri. Asubuhi niliukuta umevikwa nailoni kuanzia shingoni hadi chini. Mtunza maabara alikuwa ameona meza imelowa, akadhani chombo changu kinavuja. Maji ndani yalikuwa yamepanda joto, na mimi nikapanda nayo. Nilipomweleza kwamba jasho lile ndilo linalopoza, alicheka hadi akavua miwani. "Kwetu pia tulikuwa nao," alisema. "Sijui kwa nini niliposhika funguo za maabara nikasahau." Aliivua nailoni mwenyewe, akautandikia mchanga kwenye sinia. Onyo la SI WA KUNYWEA hakuliandika kwa rangi juu ya udongo, aliliandika kwenye karatasi akalifunga shingoni kwa utepe.

Kuanzia hapo kazi ikawa tamu. Nilizining'iniza chupa zangu kwa uzi ndani ya maji, nikawa natikisa na kusubiri. Kipimajoto kilikaa kwenye ishirini na tano kimetulia, asubuhi na mchana. Nikanyonya, nikakausha, nikapima. Vibakuli vilikubaliana, na vilikubaliana na dunia. Msimamizi wangu alisoma majibu, akaenda kuuona mtungi, akauzunguka, kisha akasema, "Haya, lete magome yako." Nilimaliza kabla likizo haijaisha.

Kwa mama nilipeleka mtungi mpya. Alisema unanuka tope. Nilipeleka mwingine, akasema huo nao unajisikia. Kwa miezi kadhaa alikunywa maji ya friji, akikohoa kwa makusudi kila nikiwa karibu.

Siku ya mahafali alivaa gauni lake la kijani na viatu vinavyombana. Joho langu alilitazama mara moja tu, akasema limekaa vizuri, kisha akaniuliza, "Uko wapi?" Nilijua hakuwa ananitafuta mimi.

Nikampeleka maabara. Mashine ya kupoza ilikwishapona, lakini umeme ukiyumba vijana huuamini mtungi zaidi. Mama aliinama, akakifuta kiganja chake vizuri kwenye gauni, ndipo akauwekea mkono tumboni. Ulikuwa umelowa, wa baridi. Mwanafunzi mmoja wa kike mwenye koti jeupe alikuwa akitikisa chupa, akamwuliza mwenzake bila kugeuka, "Bibi yuko ngapi saa hizi?"

"Bibi yuko ishirini na tano."

Mama alinitazama. Nikamweleza kwamba ndivyo wanavyouita, tangu nilipowaambia ulikuwa wa nani. Bibi yangu hakukanyaga darasa maisha yake yote. Baba yake alisema msichana akijua kuhesabu kuku inamtosha.

Mama hakuondoa mkono. "Kumbe na yeye wamemchukua chuo," alisema, akaomba kiti ili akae naye kidogo.