Mtoto wa Mwisho Kwenye Picha Ndefu

Trevor Sugden alinyoa vichwa vya wanaume wa Bradford kwa zaidi ya miaka arobaini, na muda wote huo viti vya duka lake vilitazama dirisha. Kinyozi asiye na kioo ukutani! Mteja akitaka kujiona, Trevor humpa kijioo cha mkono, na akishamaliza hukifunika uso chini. Watu walimcheka wakachoka. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na huyu wa nywele alikuwa na zake kweli.

Sababu hakumwambia mtu, hata mkewe, Mungu amrehemu. Trevor alizaliwa pacha. Mwenzake aliitwa Neville, nao walifanana mpaka baba yao, aliyerudi kila jioni kutoka kiwanda cha sufu macho mekundu kwa vumbi, aliwaita wote wawili "wewe". Mama yao, Edna, ndiye aliyepata dawa. Kila asubuhi alimchana Trevor nywele akamwekea njia upande wa kushoto, na Neville akamwekea upande wa kulia. Sasa, kioo hugeuza mambo. Trevor akijitazama, anayemtazama kutoka ndani ni mwenye njia ya kulia. Mtu huzoea mengi, lakini kushinda kazini kutwa huku marehemu ndugu yako anakutumbulia macho, hilo halizoeleki.

Walikuwa na miaka kumi na mmoja walipofaulu wote wawili kuingia Thornbeck. Mtaa mzima ulijua, maana Thornbeck haikuwa shule ya watoto wa wachana sufu. Matajiri wa mjini waliijenga kwa ajili ya wana wao, kwa mawe ambayo moshi wa viwanda vyao wenyewe uliyageuza meusi tii. Ukumbini mlikuwa na mbao zenye majina ya dhahabu, askofu, jaji, wabunge, na ukuta mzima wa vijana waliokufa vitani. Edna alinunua makoti mawili ya shule, makubwa, ya kukulia, mikono ikawafunika watoto vidole. Binamu yao mmoja aliyewahi kusoma pale ndiye aliyewaambia habari za picha ndefu. Shule nzima hupangwa kwa upinde uwanjani, kamera inazunguka polepole kutoka ncha hii hadi ile, na mtoto mwenye mbio anaweza kupigwa mwanzo, akapita nyuma ya mabenchi, akapigwa tena mwisho.

Neville alicheka mpaka akapaliwa. Akasema wao hawana haja ya kukimbia, watasimama tu, mmoja huku mmoja kule, walimu wapasuke vichwa kumtafuta aliyekimbia. Wakapeana mikono, ikawa ahadi.

Agosti ile ile Neville alirudi kutoka bwawa la kuogelea akisema shingo inamuuma. Ilikuwa polio. Wiki haikwisha. Trevor aliingia Thornbeck peke yake, na koti la pili likabaki kabatini kwa Edna, halijavaliwa hata mara moja.

Shuleni hakumtaja Neville kwa mtu. Wala asikuambie mtu kwamba jambo hilo haliwezekani. Sisi wa jimbo hili la Yorkshire tunaweza kukaa na rafiki miaka sitini tukizungumza mvua. Rafiki mwenyewe alikuwa Gordon Illingworth, mwana wa daktari wa meno, mropokaji lakini mwenye moyo mweupe, waliyekaa naye dawati moja.

Picha ndefu ilipigwa majira ya kuchipua yaliyofuata. Trevor alijipenyeza mpaka akapata ncha ya mwanzo. Gordon alipangwa ncha ya mwisho, na Trevor alikuwa amemwomba amwachie nafasi pembeni, bila kumweleza sababu. Gordon aliona ni utundu tu. Kumbe Trevor alikuwa ameamua kwamba ahadi ni ahadi. Kama Neville hawezi kusimama kule, yeye atasimama kwa niaba yake.

Amri ilikuwa kutotikisa kichwa. Kamera ikampita, Trevor akachomoka. Alipita nyuma ya migongo ya walimu, ya vijana wakubwa, ya wale waliosimama juu ya mabenchi, na kila aliyesikia vishindo alijikaza asicheke. Karibu na mwisho mguu ukanasa kwenye benchi. Alianguka kifudifudi kwenye changarawe, goti likachanika. Alipoinuka, mpiga picha alikuwa ameshaifunika kamera na watoto wanatawanyika. Trevor alibaki nyuma ya benchi akilia, na si kwa ajili ya goti.

Hakufika. Hilo ndilo alilolijua yeye peke yake.

Picha ilipoletwa, alikuwapo. Ncha ya mwanzo, Sugden. Ncha ya mwisho, kando ya Gordon, Sugden tena. Mwalimu mkuu alimwita mbele ya shule nzima akamcharaza bakora, na Trevor akazipokea zote kama aliyefika kweli. Tangu siku hiyo akaitwa Sugden Wawili. Jina likamfuata mpaka uzeeni.

Aliichukua nakala yake nyumbani kwa hofu. Edna aliipeleka dirishani, akapitisha kidole juu ya nyuso zote zile, taratibu, mpaka mwisho kabisa, na kidole kikasimama. Mtoto wa mwisho alikuwa na njia ya nywele upande wa kulia. Mikono ya koti lake ilimfunika vidole, ilhali Trevor wakati huo koti lilikuwa limeshaanza kumkaa. Edna hakulia. Alisema, "Amependeza," akaenda kuteleka maji ya chai. Habari hiyo hawakuizungumza tena, ila alipokaribia kufa aliomba azikwe na ile picha, na Trevor akamzika nayo.

Kwa hiyo ilibaki ile ya shule. Kila mwaka wahitimu wa Thornbeck walipokutana kwa chakula, Trevor aliwahi mapema, akasimama mbele yake ukutani wakati wengine bado wanatundika makoti. Halafu huketi, na baada ya pudingi Gordon husimama kuhadithia mbio za Sugden Wawili, ukumbi ukavunjika mbavu. Trevor naye hucheka. Alicheka hivyo miaka na miaka.

Kisha jengo la zamani likauzwa ligeuzwe nyumba za kupanga, na Thornbeck ikajengewa jengo jipya la vioo. Gordon, ambaye sasa ndiye katibu wa chama cha wahitimu, alimwita Trevor asubuhi moja aje kusaidia kushusha mapicha. Trevor alimkuta maktabani na mwalimu mkuu wa sasa, Bi Nusrat Qureshi, ambaye naye alisoma hapo hapo zamani, binti wa mtu aliyevuka bahari kutoka Mirpur kuja kufanya kazi ya usiku katika viwanda vile vile vya sufu. Picha ndefu imetandazwa mezani. Gordon ameshika rula mkono mmoja, na mkono wa pili kisu.

Alieleza kwamba unyevu umeila ncha ya mwisho, na ukuta walioupata huko kwenye jengo jipya ni mfupi, basi wanapunguza kidogo. Yeye mwenyewe atabaki.

"Anayekatwa ni wewe tu," alisema, akimkonyeza Bi Nusrat. "Na wewe kule mwanzo upo tayari. Huna hasara, bwana."

Bi Nusrat alitabasamu. Hadithi ya Sugden Wawili aliijua tangu akiwa mwanafunzi.

Trevor aliuweka mkono wake juu ya picha, penye rula.

"Usikate, Gordon. Huyo si mimi."

Gordon akacheka. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Trevor hakumngoja amalize, alisema yote pale pale, kwa sauti ya chini, kama anayesoma orodha ya sokoni. Neville, mtihani, makoti mawili, bwawa, ahadi, benchi. Alikunja suruali akaonyesha kovu la goti. Akawaonyesha njia ya nywele, kushoto huku, kulia kule, na mikono ya koti. Bi Nusrat aliinama karibu sana na picha, kisha akainuka taratibu, akakichukua kisu mkononi mwa Gordon akakitia mfukoni mwake.

"Ulikuwa umesimama naye bega kwa bega," Trevor alimwambia Gordon. "Niambie kweli. Alikuwa anahema?"

Gordon alikaa. Aliitazama ile picha, uso umemsawijika, akasema kwamba hapana, hakuwa anahema. Alikuwa ametulia. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Kuna kitu sikukisema kamwe kule kwenye chakula," alisema. "Kinaharibu utamu wa hadithi. Alinisemesha. Aliniuliza, 'Trevor yuko wapi?' Nikaona unanichezea shere. Nikakwambia... nikamwambia, anakuja, yuko njiani."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Basi nitamngoja.'"

Trevor alishika ukingo wa meza. Alikuwa analia, na hakujificha, mzee wa miaka zaidi ya sabini katika maktaba ya shule yake. Miaka yote hiyo aliamini kwamba alimwangusha ndugu yake, na ndugu yake alikuwa amefika, amesimama pale na koti lake jipya, anamuulizia yeye.

Bi Nusrat alisema picha haikatwi, ukuta utatafutwa mwingine hata kama ni wa ofisi yake. Kisha akauliza, "Jina lake kamili nani, mzee? Tuliandike chini."

"Neville Sugden," Trevor alisema. Jina hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa ndani ya Thornbeck.

Kesho yake asubuhi, nyumbani, aliondoa kitambaa alichokuwa amekifunikia kioo cha ukutani tangu zamani. Jikoni kwake alikuwa amehifadhi kiti kimoja cha duka la zamani, akakikokota mpaka pale, akaketi, akachukua kitana. Alijiwekea njia upande wa kushoto kama alivyofundishwa na mama yake. Aliyekuwa ndani ya kioo akawekewa ya kulia. Trevor alikuwa amemhofia mtoto miaka yote ile, na mbele yake sasa amekaa mzee, mvi tupu, mashavu yamebonyea.

"Kumbe nawe umezeeka, ndugu yangu," alimwambia. "Ningoje kidogo tu. Sikawii."