Fundi wa Mita Tatu na Nusu

Ukimwendea Mama Kipimo kushonesha gauni, alikutazama mara moja tu, kuanzia mabegani hadi visigino, akakwambia, "Lete mita tatu na nusu." Tepu hakuigusa. Na gauni likikamilika lilikukaa kama umezaliwa nalo. Jina la Kipimo alipewa na wateja wake, naye akalivalia majivuno kuliko nguo yoyote aliyowahi kujishonea.

Jambo moja tu wateja hawakulijua. Gauni lile lilitaka mita tatu. Ile nusu iliingia kwenye kapu chini ya cherehani, na humo kapuni ikabadilishwa jina ikaitwa mabaki. Neno jepesi, halimlemei mtu mdomoni. Kwa mabaki hayo alishona sketi na kaptura za yatima, na kila mwisho wa mwezi mchungaji alizinyanyua juu kanisani watu wazione, wakapiga makofi. Hapo ndipo shetani alipomfunga fundo gumu, maana kosa lake lilikuwa likishangiliwa.

Alikuwa na mwaka wa tisa tangu aokoke. Kila Jumapili aliungama, akalia machozi ya kweli, kwani mtu wa kuigiza hakuwa. Jumatatu, mteja wa kwanza akiuliza mita ngapi, ulimi ulishatangulia.

Asubuhi moja akaja muuguzi wa zahanati ya jirani, mteja wake wa siku nyingi, amebeba kitambaa cha zambarau kilichofungwa kwenye karatasi.

"Hiki kilikuwa cha mama," akasema. "Tumemzika mwezi uliopita. Alikinunua ajishonee, hakuwahi. Nishonee gauni na kilemba chake, kama alivyotaka mwenyewe."

Mama Kipimo akakikunjua, akapitisha kiganja juu yake. "Kilemba hakitoki, dada. Hakitoshi."

Maneno yalitoka yenyewe, kama kupiga chafya. Kitambaa kilitosha gauni, kilemba, na hata mfuko wa Biblia. Muuguzi akakishika pembeni, akainamisha kichwa. "Basi gauni tu," akasema, akaenda zake kazini.

Mlangoni alikuwa amekaa shangazi yake fundi, mzee wa kanisa, akishikiza vifungo kwenye shati.

"Kinatosha au hakitoshi?" akauliza bila kuinua uso.

"Nawe shangazi! Huna vifungo vya kushughulika navyo?"

"Vifungo ninavyo. Na macho yangu yamekwisha, lakini mita nne nazijua hata kwa kupapasa."

Fundi akajitupa kwenye kiti. Akajaribu kucheka, kicheko kikageuka kilio. "Nimeomba, shangazi, nimechoka. Nimefunga siku tatu bila hata maji. Sisi ni nyama na damu tu. Hili nitaachana nalo siku nikifa."

Shangazi akang'ata uzi, ukakatika. "Kumbe mwokozi wako ni kifo."

"Sijasema hivyo!"

"Umesema. Kukusamehe umemwachia Yesu. Kukutoa dhambini, hiyo kazi umeliachia kaburi. Kaburi ndilo lililosulubiwa kwa ajili yako?"

Fundi akajifuta machozi kwa kiganja.

"Jumapili unaungama nini?"

"Yale mabaki."

"Ndiyo maana hutoki hapo. Mungu hana ugomvi na mabaki, mwanangu. Mwite mwizi aliyemo ndani yako kwa jina lake, halafu uone kama mtaweza kulala nyumba moja."

Siku hiyo alifunga duka mchana kweupe, akapiga magoti kati ya cherehani na kapu. Neno lilimkwama. Alilianza mara mbili likarudi. Mara ya tatu akasema, "Bwana, mimi ni mwizi, nami sitaki kungoja kufa ndipo niache." Hakusikia sauti wala hakuona nuru. Aliinuka magoti yakimuuma, akachukua chaki, akakata gauni, akakata kilemba, na hata vipande vyembamba kama utambi wa taa akavikunja, akavibana kwa pini kwenye pindo.

Muuguzi alipokuja kuchukua, alikiona kilemba akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Fundi! Si ulisema hakitoshi? Mikono yako ina baraka. Umebanabanaje?"

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi pale. Angesema nilibanabana, neno moja tu, na angebaki na sifa juu ya sifa. Lilikuwa limeshapanda hadi kwenye ulimi. Moyoni akaita, Bwana, sasa hivi, si kesho. Neno likashuka.

"Sikubana chochote, dada. Kilitosha tangu siku ya kwanza. Nilitaka kukiiba."

Muuguzi akashusha mikono polepole. "Cha mama yangu?"

"Cha mama yako."

"Na kile cha harusi ya mdogo wangu?"

"Nacho nilikikata."

Muuguzi hakutukana. Alikunja nguo yake vizuri, akatoka, na kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa na habari. Lile jina la Kipimo likafa, akaitwa Mama Nusu. Watoto waliliimba wakipita. Mwisho wa mwezi akasimama kanisani mikono mitupu, akaeleza kwa nini. Hakuna aliyepiga makofi. Wateja waliobaki wengi walikuwa wa kutia viraka na kubadilisha zipu, wachache wa kushona gauni, na kwa hao wachache bado kila asubuhi ulimi wake uliwashwa, na kila asubuhi aliomba kabla ya kushika mkasi. Lakini alisema tatu. Siku baada ya siku, tatu.

Mwezi wa sita tangu siku ile muuguzi akatokea na kitambaa kipya. Hakusalimu kwa tabasamu. Akakiweka mezani, akavuta kigoda.

"Leo siachi kitu hapa. Nakaa nikuone unavyokata."

Uso ukamwaka fundi kwa aibu, kisha ukatulia. Akatandaza kitambaa, akachukua mkasi.

"Sogea karibu basi, dada," akasema. "Hapo ulipo huoni vizuri."