Injini Mpya Kwenye Gari la Marehemu Silvano

Gari letu lilizima juu ya reli, Jumatatu ya Pasaka, mchana kweupe.

Halikuzima kabla ya reli wala baada ya reli. Lilizima hapohapo juu, magurudumu ya mbele yameshavuka, ya nyuma bado.

Siti ya nyuma alikuwa amelala binti yangu Frida. Mimba ya kwanza, uchungu umeshamkamata, na manesi walikuwa wametuambia mtoto amekaa vibaya, asithubutu kuzalia popote isipokuwa hospitali, Ifakara.

Kijana wangu Jofrey akazungusha ufunguo. Starta inazunguka, injini haishiki.

Akazungusha tena. Vilevile.

"Maza, shukeni," akasema. Nimemzaa mimi, lakini sauti ile sikuwahi kuisikia.

Wenye gari za zamani nisomeni mpaka mwisho. Na msio na gari nisomeni pia, maana huwa mnapanda za watu.

Hilo gari alituachia mume wangu, marehemu Silvano. Ni la zamani, lile la mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Limebeba mpunga, limebeba ndizi, limebeba maharusi na majeneza. Likigoma, Silvano alikuwa anafungua kabureta, anapuliza, anaondoka.

"Gari langu halina akili," alikuwa anasema. "Ndiyo maana halinidanganyi."

Alipofariki, injini nayo haikukaa. Ikawa inakula oili na kutoa moshi kama tanuri la matofali. Jofrey akasema anaitoa, anaweka ya kisasa, iliyotoka kwenye gari jipya lililopata ajali.

Kazi akapewa fundi Nassib, hapa hapa Ifakara.

Siku moja niliwapelekea chakula gereji. Injini ilishakaa mahali pake, lakini pembeni zilining'inia waya nyingi kama utumbo wa ng'ombe siku ya kipaimara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Hizi zote zinakwenda wapi?"

"Zote zinakwenda kwa bosi." Akanionyesha boksi la bati, ukubwa wake kama Biblia. "Hili ndilo kontrol boksi. Ndiyo akili ya injini. Linaamua mafuta yaingie kiasi gani, plagi ipige moto wakati gani. Hili likinuna, injini yote imekuwa jiwe."

"Na gari letu halikuwa nalo?"

"Halikuwa nalo, mama. Ndiyo maana nahangaika pa kulilaza. Nikiliacha mbele, joto na maji ya madimbwi vitaliua. Nalileta ndani, nyuma ya droo ya dashibodi, mbele ya abiria."

Alitoboa tundu kupitisha waya, akazungushia mpira. Akakata kidogo mgongo wa droo ili waya zipate nafasi. Na kwa kuwa masika ilikuwa inakaribia, akalivalisha boksi nailoni nzito, akafunga mdomo kwa tepu nyeusi.

Jofrey akaanza kulalamika. "Kaka, waya umeacha ndefu hivi za nini? Si upunguze."

"Waya mrefu utaukunja," Nassib akamjibu bila kuinua kichwa. "Mfupi utaulilia."

Gari likawaka. Jofrey akapita nalo mitaa yote ya Katindiuka, anapiga honi mpaka kuku wanakimbilia ndani.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Bibi Aurelia, mama mkwe wangu, mama yake Silvano.

"Mmemtoa mwanangu moyo," alisema, "mkamwekea wa mtu msiyemjua."

Jumapili akaenda misa, akarudi na chupa ya maji ya baraka. Kifuniko alikitoboa vitundu kwa sindano ya moto, kama anavyofanya siku zote, ili maji yatoke kwa kunyunyizia. Akanyunyizia usukani, akanyunyizia viti, akazunguka magurudumu yote. Halafu akailaza chupa ndani ya droo, juu yake akaweka rozari ya Silvano.

"Ikae humu. Iwalinde."

Nani angembishia? Sote tulisema amina.

Kesho yake, Jumatatu, gari likazima njia ya Kivukoni. Taa ya injini inawaka pale kwenye dashibodi, injini imekufa. Wakalisukuma mpaka pembeni.

Jumatano likawaka lenyewe kama hakuna kilichotokea.

Jumatatu iliyofuata likazima tena.

Jofrey akawa mtu wa gereji. Na kila akipeleka gari huko, kwanza anatoa vitu vyote kwenye droo anaviacha nyumbani, maana gereji vitu vina miguu. Nassib akawa anapima na mashine yake, anakuna kichwa.

"Mama, kila nikipima linanitajia ugonjwa mwingine. Leo sensa hii, kesho ile. Nimebadili waya wa ethi, nimebadili rilei ya pampu ya mafuta. Likiwa hapa kwangu halizimi. Likirudi kwenu linazima."

Likirudi kwenu. Neno hilo nilirudi nalo nyumbani.

Mtaani wakaanza. Jirani yetu Polikarpo alikuwa anasubiri Jumatatu kama watu wanavyosubiri mpira.

"Jofrey, leo unaendesha gari au unalisindikiza?"

"Mzee Polikarpo, niache bwana."

"Mimi nikuache? Baba yako ndiye hajakuacha. Bado anaudai usukani wake."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Silvano alifariki siku ya Jumatatu.

Bibi Aurelia naye alishaihesabu hiyo siku. Akazidisha sala, na kila Jumapili akaijaza chupa upya. Akiikuta tupu anafurahi, anajua Jofrey ameyatumia. Jofrey akiikuta tupu anajua Bibi ameyanyunyiza. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Ikaja Pasaka.

Frida alikuwa kwa mumewe, Sanje. Mpango wetu Jofrey akamchukue mapema wiki hiyo, akae kwangu karibu na hospitali mpaka siku yake. Maji ya mkesha wa Pasaka, kwa Bibi Aurelia, hayana mfano. Safari hii alijaza chupa kubwa mpaka shingoni, akatoboa kifuniko chake, akailaza mahali pake Jumapili jioni.

Jumatatu asubuhi simu ikaita. Lukelo, mkwe wangu.

"Shikamoo mama. Mama, Frida ameanza. Gari la wagonjwa limeondoka na mtu mwingine, na magari ya abiria yamejaa watu wa sikukuu. Mama, njooni."

Nilimtazama Jofrey. Akanitazama.

"Maza, leo ni Jumatatu."

"Najua ni Jumatatu. Twende."

Bibi alisimama mlangoni akatupungia. "Nendeni kwa amani. Nimewajazia."

Kwenda tulifika. Gari lilikuwa linakohoakohoa kwenye mchepuko wa barabara inayojengwa, mashimo yanaturusha mpaka kichwa kinagonga paa, lakini tukafika Sanje. Tukampakia Frida, Lukelo akakaa naye nyuma, amempakata kichwa. Tukageuza.

Ndipo tukafika kwenye reli.

Tulimtoa Frida mimi na Lukelo, tukamlaza kwenye nyasi. Tulipomlaza tu, honi ya treni ikalia upande wa Mang'ula.

Jofrey alikuwa peke yake nyuma ya lile gari, anasukuma, miguu inateleza kwenye kokoto.

"Liache!" nilipiga kelele. "Jofrey, liache!"

Hakuliacha. Angeliacha vipi, na dada yake yuko pale chini?

Wanaume waliokuwa wanapalilia mpunga wakatupa majembe, wakaja mbio na matope yao. Lukelo naye akaruka. Wakasukuma, gurudumu la nyuma likagoma kwenye chuma, wakalirudisha kidogo, wakalisukuma tena. Likavuka.

Treni ya mizigo ikapita. Upepo wake ulinivua kanga ya kichwani.

Ikaisha. Ikabaki sauti ya Frida.

"Mama, naona giza."

Basi likapita limejaa, tulipunga mikono, halikusimama. Bodaboda akasimama, akamwangalia Frida, akatikisa kichwa. "Mama, huyu hakai kwenye pikipiki. Nitamuua mimi." Akasema anakimbia kutafuta gari, akaondoka.

Lukelo akanishika mkono. "Mama, huyu ni mzee Silvano. Tumuombe msamaha tu. Mwambie tutairudisha injini yake."

Na mimi, nitadanganya nini, nilianza kumwomba. Nilipiga magoti pale kwenye kokoto nikamwambia Silvano, kama ni hasira zako nichukue mimi, huyu muache azae.

Kisha nikakumbuka maji.

Nikakimbia kwenye gari, nikafungua droo, nikaishika chupa.

Nyepesi.

Chupa kubwa iliyojazwa jana jioni mpaka shingoni, kifuniko kimebana vizuri, ndani tone moja linazungukazunguka.

"Jofrey, umeyamwaga maji ya Bibi?"

"Sijagusa, maza."

"Yako wapi sasa?"

Lukelo alirudi nyuma hatua, akafanya ishara ya msalaba. Najua alichowaza. Hata mimi nilikiwaza. Marehemu alikuwa na kiu, ameyanywa.

Nikaingiza mkono kwenye droo. Chini kumelowa. Nikausogeza mpaka mgongoni, pale fundi alipokata ili waya zipite, vidole vikapenya upande wa pili. Vikagusa nailoni.

Ilikuwa nzito. Inabonyea. Imejaa kama kibofu.

"Mpigie Nassib," nikasema.

Jofrey akaweka sauti ya nje. Nassib akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hiyo chupa inakaa kwenye droo tangu lini?"

"Tangu injini iwekwe. Kila Jumapili inajazwa."

"Inalazwa?"

"Inalazwa. Na kifuniko kina vitundu."



"Mama, mimi ile nailoni nilifunga mvua isiingie. Kumbe nimewatengenezea ndoo: maji yanafuata waya yanaingia, yakiwa kidogo yanakauka, leo yamejaa." Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Jofrey, chomoa waya wa betri kwanza. Fungua ile nailoni. Mwaga. Chomoa plagi zote za boksi, futa, puliza, anika juani. Usiunge betri pakiwa na unyevu, utaliunguza, na hapo hakuna wa kuwasaidia."

Jofrey akaitumbua. Maji ya mkesha wa Pasaka yakanimwagikia miguuni.

Sijui tulikaa pale muda gani. Nilifuta kile chuma kwa kanga yangu, vile vijimeno vya ndani ya plagi kimoja kimoja, napuliza mpaka kizunguzungu. Napuliza, namwangalia Frida. Napuliza, namwangalia Frida. Sasa alikuwa halii tena, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko kelele zote.

"Jofrey, unga betri."

"Fundi kasema pakauke kabisa."

"Mwangalie dada yako, halafu uniambie pakauke."

Alimwangalia. Akaunga.

Akazungusha ufunguo. Ikakohoa, ikafa. Akazungusha tena. Ikashika.

"Msilirudishe kule nyuma, kumelowa!" Nassib alikuwa bado kwenye simu, anapaza sauti. "Lishikeni juu! Waya nimeacha ndefu, zitafika!"

Zilifika.

Basi niliingia Ifakara nimepakata akili ya gari mapajani, nimeifunga kwa kanga kama mtoto mchanga, waya zinatambaa mpaka kwenye droo. Mkono mmoja nimelishika boksi lisiruke, mkono mwingine nimeupeleka nyuma nimemshika Frida vidole. Kila shimo nilikuwa naliangalia boksi, naangalia vidole vya mwanangu, sijui kipi kitazima kwanza.

Havikuzima.

Walimfanyia operesheni. Frida yuko hai, namshukuru Mungu.

Mtoto alitoka hakulia. Walimhangaikia mpaka akalia, sauti ndogo kama ya paka. Ni wa kiume. Tumemwita Silvano.

Bibi Aurelia alipokuja wodini kitu cha kwanza aliuliza, "Maji yalifika?"

Jofrey akaniangalia. Nikasema, "Yalifika, Bibi. Yalifika kabla yetu."

Akatabasamu, akambariki kitukuu. Hajui mpaka leo, na wanaomjua naomba msimwambie. Kila Jumapili bado anajaza. Jofrey anapokea kwa mikono miwili, chupa inasimama wima ndani ya ndoo kule nyuma kabisa. Boksi Nassib amelipandisha juu pakavu, hakulifunga tena kitu, na mgongo wa droo ameuziba kwa bati. Jumatatu gari linatembea, Polikarpo amekosa la kusema.

Lakini sikuandika kwa sababu ya gari.

Nimeandika kwa sababu watoto waliozaliwa wodini wiki ile wanakaa, wengine wanatambaa. Silvano wetu bado anaegeshwa na mito. Manesi wanasema tuendelee kumleta mazoezi, kuna wanaochelewa wakafika. Bibi anacheka, anasema ni mvivu kama babu yake. Nami nacheka naye, halafu naenda jikoni.

Mwenzangu, ukibadili injini usiishie kuuliza kama inaunguruma vizuri. Uliza akili yake imelazwa wapi, na juu yake panakaa nini. Fundi, ukimaliza kazi usimweleze kijana peke yake, ita nyumba nzima uwaonyeshe, mpaka bibi.

Na gari likikusumbua, kabla hujamsingizia marehemu, ingiza mkono nyuma ya droo.