Monita ya pili kwenye steshenari ya shangazi

Wakuu, heshima kwenu. Hiki kisa ni changu, sikusimuliwa na mtu. Majina yetu tu ndiyo siyaweki.

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa naishi Moshi mjini kwa shangazi yangu, dada wa baba. Alikuwa na steshenari ndogo, na kazi kubwa pale ilikuwa kuchapa ratiba za mazishi.

Taipureta ilipochoka akaagiza desktop used kutoka Dar. Ndogo, ile ya kulala, unaikalishia monita mgongoni.

Kuifunga nilipewa mimi. UPS, ile betri ya umeme ukikatika, chini ya meza, nzito kama tofali. Keyboard, mouse, printer na waya wake mpana wa skrubu mbili. Feni ilipoanza kuvuma, shangazi alisimama akiitazama kama mtu anayesubiri maziwa yachemke.

Sasa, wa huku kwetu mtanielewa. Kwenye ratiba ya mazishi, ukimtanguliza mtoto wa tatu wa marehemu mbele ya wa pili, umewasha moto kwenye ukoo wa watu. Shangazi akataka wateja waone ninachochapa.

Nikatafuta splitter, ule waya wenye kichwa kimoja huku na viwili kule. Nikaweka monita ya pili ikitazama benchi la wateja. Ninachoona mimi, nao wanakiona.

Ilifanya kazi vizuri sana. Akina mama walikuwa wananielekeza kutoka benchini: "Mwanangu, huyo mshushe, mkubwa ni Felista."

Ila kulikuwa na jambo. Nilikuwa naandika riwaya.

Pasipo na mteja, nazima monita ya pili kwa kitufe chake, naandika. Na niliyekuwa namwandika ni shangazi mwenyewe. Aliolewa Sanya Juu, akarudishwa nyumbani Marangu kwa sababu hakupata mtoto. Kwetu hilo halitajwi. Nililisikia kwa baba, mara moja tu.

Nikalitungia sura nzima. Mwanamke anapanda Marangu na sanduku lake, mvua ya masika inanyesha migombani, anafika jikoni kwa mama yake, analia mpaka moto unazimika.

Nilijiona nimeweza.

Siku moja mchana nikasahau kuzima. Shangazi alikuwa benchini anachambua maharage kwenye ungo. Nikasikia maharage yamenyamaza. Kuchungulia, amevaa miwani, anasoma.

Nilikuwa nakula kwake, nalala kwake. Lakini zaidi ya hapo, ndiye mtu pekee aliyekuwa ananiita mwandishi bila kucheka. Nikajua leo nampoteza.

Nikaanza kuomba radhi. Akasema nirudishe ukurasa juu, kuna mahali palimpita. Nikarudisha. Akasoma hadi mwisho.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Mimi sikulia. Nilimkuta mama anamenya ndizi, nikachukua kisu kingine, tukamenya. Tukala. Asubuhi nikaenda kuchuma kahawa. Anayelia hapo ni wewe."

Nikamuuliza kama nifute sura yote.

Akasema nifute kile kilio tu. Kisha akavuta benchi karibu na monita, akaanza kunikosoa mstari kwa mstari, kama mteja mwingine yeyote.

Kwa upande wa kompyuta nilijifunza kwamba splitter haichagui, na anayetegemea kitufe cha monita ipo siku ataumbuka.

Upande mwingine ndio ulioniingia zaidi. Nilikuwa namwonea huruma mtu ambaye hakuniomba huruma, na sikuwahi hata kumuuliza ilikuwaje. Tangu siku ile sijamwandika ndugu yangu yeyote bila kumgeuzia monita kwanza.

Mliowahi kuandika habari za nyumbani, mliwaonyesha wahusika kabla, au walijionea wenyewe kama huyu wangu? Na aliyeambiwa afute yote, alifuta? Semeni, nipo nasoma.