Kompyuta ya Mwalimu wa Nidhamu

Shemeji yangu alichagua kila kipande cha kompyuta yake mpya kwa kuwaogopa watu. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo, nimekaa kwenye stuli pembeni yake dukani, nikimwona fundi akimwekea kitu kizuri mezani na yeye akikirudisha. Kasha lenye kioo ubavuni na feni zinazowaka rangi hakulitaka, eti mwanga utaonekana dirishani. Akachukua kasha jeusi la bati, limezibwa pande zote, mfano wa kompyuta za ofisini.

"Mzee, hili halina hewa," fundi akamwambia. "Kadi ya picha utakayoiweka humu itachemka."

"Itavumilia," shemeji akajibu.

Lazima mjue huyu ni nani. Mume wa dada yangu ni mwalimu wa nidhamu katika shule ya sekondari, na wanafunzi wamempa jina la Kiberiti kwa kuwa hakawii kuwaka. Simu alizowanyang'anya zimejaa droo mbili. Na katika yote anayoyapiga vita, hakuna anachokichukia hadharani kama gemu. Kwenye kikao cha wazazi cha muhula uliopita alisimama akasema gemu ni ulevi usio na harufu, kwamba hata mtoto anayefaulu leo, kama ana kompyuta ya gemu nyumbani, kesho ataanguka, na mzazi mwenye mapenzi ya kweli aiondoe kabla jua halijazama. Wazazi wakampigia makofi. Dada yangu, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akainama kutafuta mkobani kitu ambacho hakikuwemo.

Maana nyumbani, mwalimu huyohuyo akishamaliza kusahihisha madaftari hujifungia chumba cha nyuma akaendesha lori. Ni gemu la malori: anapakia mbao, anavuka milima yenye theluji, anashusha mzigo, analipwa hela zisizonunua hata chumvi. Mtu mwenyewe hana leseni! Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imechoka kiasi kwamba kabla ya kuiwasha aliifungua ubavu na kuielekezea feni kubwa ya sebuleni, huku dada na watoto wakijipepea kwa magazeti. Lori likifika kwenye kona picha iliganda, na ikirudi, lori lilikuwa korongoni. Siku niliyomfumania katika hali hiyo nilimcheka mpaka nikakaa chini, lakini sikumlaumu. Mtu anayekemea watu kutwa nzima anahitaji mahali pa kunyamaza.

Ndivyo nilivyogeuzwa mshirika. Jumamosi hiyo alivaa kofia, tukaenda duka lililo upande wa pili wa mji, na njiani akaniagiza, "Tukikutana na mtu, vitu ni vyako."

"Shemeji, nyani haoni kundule."

"Nyamaza, tumefika."

Kuchagua kwenyewe hakukuwa kazi nyepesi. Alitaka prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kubwa kuliko zote, fundi akamweleza kwamba kwa gemu lake ya kati inatosha, nguvu aziweke kwenye kadi ya picha. Kwenye pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, alitaka kubana matumizi. Fundi akakataa katakata, akasema hiyo ya rahisi ikilipuka haifi peke yake, inaondoka na ukoo mzima. Feni walizisikiliza mojamoja. Shemeji aliinamisha sikio akitafuta isiyo na sauti kabisa, majirani wasijue kwamba kuna kitu kinazunguka. Kwa kweli nilianza kufurahi. Sijapata kumwona akiuliza maswali kama mtoto, akiishika bodi kwa ncha za vidole, akipandisha miwani kusoma maandishi madogo. Alimsimulia fundi habari za theluji na za kona moja ya mlimani iliyomshinda. Mwisho ikabaki kadi ya picha tu, na ile aliyoitaka ilikuwa imekwisha.

"Usikate tamaa," fundi akasema. "Kuna mtu anakuja kuuza kompyuta nzima, na kadi iliyomo ni hiyohiyo. Ameshapiga simu, yuko njiani."

Tukasubiri. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume amekumbatia kompyuta kifuani, na nyuma yake binti wa sekondari amebeba skrini iliyofungwa kwa shuka. Shemeji aliivuta kofia chini, lakini alikuwa amechelewa.

"Mwalimu!" yule bwana akaita kwa furaha. "Kumbe na wewe uko huku? Binti, msalimie mwalimu wako."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Kiberiti kilikuwa kimelowa.

Bwana yule alikuwa muuza magodoro, baba wa mwanafunzi wake, na hakuhitaji kuulizwa kilichomleta. "Nimekuja kutekeleza yale uliyotuambia," akasema, akiiweka kompyuta mezani, kando ya vipande vyetu. "Sikudanganyi, mwalimu, hesabu za huyu zimepanda. Na hii ameiunga mwenyewe, leo kipande hiki, kesho kile, mpaka ikawaka. Lakini si ulisema hata anayefaulu ataanguka? Mimi mtu wa magodoro nitajua nini? Nikasema mwalimu ameona mbali."

Binti hakulia. Nadhani kilio kilikuwa kimeisha nyumbani. Alikuwa anaitazama meza yetu: prosesa, bodi, ile feni isiyo na sauti. Aliyewahi kuiunga kompyuta kwa mikono yake haulizi hivyo ni vitu gani, anauliza ni vya nani.

"Mwalimu, hivi ni vyako?"

Nikafungua mdomo niseme ni vyangu, kama tulivyopatana. Shemeji akanitangulia.

"Ni vya shule," akasema. "Tunaunga kompyuta ya maabara."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya shemeji haikufika hata mlangoni. Yule binti aliiweka skrini chini taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie uso wake ukachangamka.

"Baba, basi tusiiuze," akasema. "Tuipe shule. Kadi yangu itaingia humo humo, ni nzima, jana nimeisafisha. Hata kama nimekatazwa kuichezea, nitakuwa naiona."

Baba yake akamtazama. Kisha akaisukuma kompyuta kuelekea kwa shemeji. "Chukua, mwalimu. Bure. Akitoa mtoto kwa moyo wake, mimi ni nani nimzuie?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuionea mtu mwingine, na sehemu yake ilikuwa yangu. Mimi nilikuwa najua. Fundi naye, aliyekwisha kusimuliwa habari za theluji na ile kona, alikuwa amekodolea macho bisibisi mkononi mwake kana kwamba ameikuta leo. Watu wazima watatu tulikuwa tumesimama pale tunajua, na mtoto mmoja anatoa mali yake. Nikamfinya shemeji mkono.  Aliunyoosha mkono akaigusa kompyuta ya yule binti, akaivuta kidogo upande wake, na mimi nikaamini kabisa kwamba anaichukua. Nadhani na yeye aliamini hivyo.

Halafu akavua kofia.

"Si vya shule," akasema. "Ni vyangu. Vya gemu."

Muuza magodoro akatabasamu, akingoja mwisho wa utani. "Gemu gani, mwalimu?"

"La kuendesha malori."

Hakuna aliyecheka, hata mimi niliyekuwa nalicheka kila siku. "Nacheza kila jioni," akaendelea, na sauti ilikuwa ya mtu anayejisomea adhabu. "Nilicheza hata siku ile ya kikao, nilipotoka kuwahutubia. Binti yako hana kosa lolote. Mrudishie kompyuta yake. Nisamehe." Akamgeukia na mtoto. "Nisamehe na wewe."

Kwa miaka yote niliyomfahamu sijawahi kusikia amemwomba mwanafunzi msamaha. Binti alitazama viatu vyake, hakujua aweke wapi neno kama hilo likitoka kwa mwalimu. Nilitamani aseme lolote, hata la dharau. Alichofanya ni kuiinua skrini yake na kuikumbatia.

Baba mtu naye akaibeba kompyuta tena. Hakufoka. Laiti angefoka, shemeji amezoea watu wa kufoka, angejua namna ya kusimama. Alizungumza polepole, kama mtu anayehesabu magodoro yake na kukuta pengo.

"Sawa, mwalimu. Ya kwangu nimeiwahi," akasema. "Lakini jirani yangu, yule fundi cherehani, ya mwanawe aliivunja kwa nyundo wiki ileile ya kikao. Aliivunjia uani, kijana anaona. Mpaka leo hawasemeshani, mama ndiye anayepeleka maneno huku na huku. Hao tutawaambia nini?"

Hilo sikuwa nalijua. Nilimtazama shemeji nikitaraji kwamba naye halijui, lakini alikuwa ameinamisha kichwa. Vile vipande vya kuchagua kwa nusu siku vikawa vinaonekana vya kijinga pale mezani. Fundi aliuliza kwa sauti ndogo kama aanze kuvifungasha. 

"Nitakwenda leo hii," shemeji akasema mwishowe. "Nitamwomba radhi yeye na mwanawe. Nielekeze nyumbani kwake."

Muuza magodoro alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama, akamtanguliza binti yake nje, ndipo akageuka.

"Nikuelekeze wapi, mwalimu?" akasema. "Si ulikuja mwenyewe, ukampongeza mbele ya mtoto?"