Salamu kwa Kompyuta ya Maktaba

Mzee Saif wa mtaa wa Ndia Kuu, fundi saa mstaafu, amejigamba tangu aoe kwamba biriani ya mkewe imetokana na kitabu cha mapishi alichomzawadia wiki ya harusi. Wageni wakisifu chakula cha Bi Ummukulthum, yeye ndiye hutangulia kushukuru. Sasa mjukuu wao Fadhiya anaolewa, na babu ameahidi mbele ya ukoo mzima kumrithisha kitabu hicho. Nyumbani hakionekani. Mkewe alipoulizwa alisema atafute tu, huku akiendelea kumenya vitunguu.

Mzee aliogopa kuaibika. Akaenda maktaba kutafuta nakala nyingine.

Naomi, mkutubi, alimketisha mbele ya kompyuta akamweleza kwamba kuna njia tatu za kutafuta: maneno yaliyofuatana vile vile, maneno yote popote yalipo, au lolote kati ya hayo. Aandike "mapishi" tu, yatosha.

"Mwanangu, waingia nyumba za watu bila hodi?" mzee akamuuliza.

Akadonoa herufi kwa kidole kimoja: Asalaam aleikum, habari za asubuhi, mimi ni Saif, mke wangu Ummukulthum anakusalimu, naomba kitabu cha mapishi ya harusi.

Njia ya kwanza haikuleta kitu. Ya pili vilevile, na mzee akanung'unika kwamba mashine hii haikulelewa. Ya tatu ikamwaga vitabu mamia, vya habari, vya asubuhi, hata kimoja cha magonjwa ya mbuzi ambacho Naomi mwenyewe hakuelewa kimefikaje. Lakini juu kabisa, kwa kuwa ndicho kilichokusanya maneno yake mengi zaidi, kilikaa kitabu chenyewe. Mzee akamgeukia Naomi kifua mbele. Salamu zimefanya kazi.

Kisha akasoma maelezo ya chini. Zawadi kwa maktaba kutoka kwa Bi Ummukulthum, mke wa Saif. Mwaka ulikuwa ule ule waliooana. Hakijaazimwa na mtu hata mara moja.

Yeye pia hakukiazima. Alirudi nyumbani polepole, akajikumbusha biriani zote alizopokelea sifa, na uso ukamwaka kwa haya.

Wakati wa chakula cha mchana mkewe aliuliza kama kitabu kimepatikana.

"Sikukiona," akasema Mzee Saif. "Fadhiya naaje umfunze wewe. Mapishi ni yako tangu mwanzo."

Bi Ummukulthum alimpakulia kipande cha pili cha nyama, kile kikubwa, akageuza uso upande wa dirisha acheke.